Wodi Iliyokamilika Bungeni

Bunge lilikuwa na makao mawili. Moja liko Dodoma, na hilo kila mtu analijua. La pili lilikuwa sebuleni kwa Nesi, kijijini kwetu wilayani Kyela, ukishapita Ikolo kuelekea upande wa ziwani, na hilo ndilo lililokuwa na nidhamu. Kule Dodoma mheshimiwa anaweza kusinzia na kamera ikampita kwa heshima zote. Kwa Nesi ukisinzia ulipelekwa uani ukamenye ndizi.

Tulikuwa majirani ua kwa ua kwa miaka kumi na minne, hadi binti yake alipomchukua akaishi naye Mbeya. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa. Yeye alikuwa nesi mkunga mstaafu, na sikumbuki kusikia mtu akimwita kwa jina. Hata kadi za harusi zilimfikia zimeandikwa "Nesi na familia". Habari za alikozaliwa na ukoo wake waulizwe wenye ukoo. Mimi nilianza kumjua siku alipowasha televisheni.

Aliinunua kwa kiinua mgongo chake, kwenye duka moja la Bondeni, Kyela mjini. Mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani na adabu zake zote, alimuuliza kama angependa king'amuzi chenye tamthilia za Kihindi au za Kituruki. Nesi akamwambia anataka ile tamthilia ya Dodoma tu, kwa sababu ndiyo pekee ambayo yeye mwenyewe anawalipa waigizaji. Mzee alicheka mpaka akamwongezea waya wa antena bure.

Kuanzia hapo, Bunge likiwa na kikao, saa tatu asubuhi mlango wa Nesi ulikuwa wazi. Waliokuja walikuwa wengi wao akina mama waliokwisha kuanika kakao yao, wazee wawili watatu, na mimi shule zikifungwa. Nesi alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na kioo cha televisheni, amevaa ile saa ya manesi inayoning'inia kifuani kichwa chini miguu juu. Zamani aliitumia kuhesabu mapigo ya moyo. Sasa aliitumia kupima shukrani. Mheshimiwa akisimama kuchangia, Nesi aliinamia saa yake kimya, na baada ya muda alitoa taarifa bila kupandisha sauti: dakika ya tatu, bado anamshukuru mke wake. Dakika ya nne, ameingia kwa wapiga kura. Dakika ya tano kengele imelia, anaunga mkono hoja. Kisha alitugeukia na kutuuliza kama kuna yeyote aliyesikia hoja ikipita, maana yeye hakuiona.

Aliwatazama wasemaji kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa kwenye foleni. Huyu anayefuta jasho wakati kiyoyozi kipo, majibu hajayasoma. Yule anayepandisha sauti, mpeni nafasi, anaumwa mahali ambapo hataki paguswe. Kuna mmoja alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kumsifu mkubwa wake, na Nesi alimwonea huruma ya kweli. Alisema ugonjwa huo unaanza kidogo kidogo kama kikohozi, halafu mtu anajikuta hawezi kulala.

Alipenda zaidi vikao vya kamati, vile ambavyo maofisa huitwa kuulizwa fedha zilikwenda wapi. Hotuba, alisema, ni harusi, na harusini watu wote ni wazima. Kamati ni kliniki. Mtu akiambiwa avue shati ndipo unapoona kidonda. Siku ya kamati hakuruhusu hata kijiko kugonga kikombe.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mkubwa kwa umri kuliko sote, ambaye Kiswahili cha Bunge kilimshinda, na Nesi alimtafsiria kwa Kinyakyusa. Siku moja waziri alijibu swali la barabara kwa muda ambao ungetosha kuivisha maharage. Alizungumzia upembuzi yakinifu, mchakato, hatua za mwisho, na Serikali sikivu iliyokuwa mbioni. Bibi akauliza amesema nini. Nesi akamwambia neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili ni "bado". Bibi hakuridhika, akataka kujua yale mengine yote yalikuwa nini. Nesi akamwambia yalikuwa salamu.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa kuikebehi nchi. Wimbo wa taifa ukipigwa kwenye televisheni alisimama, na sisi sote tulisimama, pamoja na mama mmoja mjamzito aliyekuwa amefika kupimwa presha. Siku ya kupiga kura alikuwa kituoni kabla ya wasimamizi. Na kijana mmoja aliposema pale sebuleni kwamba wanasiasa wote ni waongo, tuzime tukaangalie mpira, Nesi alimkalisha akamsomea somo ambalo nimelikumbuka mpaka leo. Alimwambia ukisema wote ni waongo, umeshamsamehe aliyedanganya leo asubuhi.

Alikuwa na kasoro zake, na kubwa ilikuwa ileile aliyowacheka nayo wengine. Katika misiba ya kijijini yeye ndiye aliyepewa kusimamia wasemaji, na aliwapa dakika tatu kila mmoja, saa mkononi. Alimkatiza mchungaji. Alimkatiza mwenyekiti wa kijiji katikati ya pole. Halafu zamu yake ilipofika alimweleza marehemu kuanzia mimba hadi kifo, mpaka wali wa Kyela, ambao watu wengine wanausafirisha hadi Dar es Salaam kwa sababu ya harufu yake, ukapoa na kubaki bila harufu yoyote. Nilipomkumbusha dakika tatu, alisema wale wengine walikuwa na salamu, yeye alikuwa na hoja.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa nyumbani kwake. Ilikuwa mwezi wa nne, maji yamefunika barabara, na hapakuwa na chombo cha kumfikisha mke wangu mjini. Nesi alimpokea chumba cha ndani huku mlango wa sebuleni ukiwa wazi kidogo, kwa sababu kipindi cha maswali kilikuwa kinaendelea. Mke wangu anaapa kwamba wakati anasukuma alimsikia Spika akiita swali la nyongeza, na Nesi akamwambia sukuma mama, umeitwa. Binti yetu ana jina zuri la ubatizo. Kijiji kizima kinamwita Nyongeza.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini wodi ya wazazi halikuwa jambo la kuchekesha kwake. Zahanati yetu ina vyumba vitatu, na hakuna hata kimoja cha kujifungulia. Wanawake walikwenda Kyela mjini kwa bodaboda, wamebanwa mbele na dereva na nyuma na dada, na msimu wa mvua wengine waliishia njiani. Wananchi tulichanga mchanga na tofali, wakubwa wakaahidi saruji na bati, na jengo likapanda hadi kwenye lenta. Pale likapumzika, bila paa. Mbuzi waliligundua kabla ya mganga.

Basi asubuhi moja tukiwa sebuleni, mbunge mmoja akasimama na kuuliza kuhusu majengo ya wazazi ambayo hayakumalizika, na akakitaja kijiji chetu kwa jina. Tulitazamana kwa fahari. Naibu waziri akasimama kujibu. Alikuwa na tai nzuri na karatasi safi.

"Mheshimiwa Spika, napenda kumhakikishia mheshimiwa mbunge kwamba jengo la wazazi katika kijiji hicho limekamilika, na limeanza kutoa huduma."

Wabunge wakapiga meza. Kwa Nesi sote tuligeuka. Kutoka pale tulipokaa, dirishani, tuliliona jengo lenyewe, na mbuzi mmoja akichungulia kwenye nafasi ya mlango. Bibi akauliza amesema nini. Nesi akamtafsiria, safari hii neno kwa neno, bila kupunguza. Bibi akatazama dirishani, akatazama televisheni, akatazama tena dirishani.

Kesho yake Nesi alitoa sandukuni sare yake nyeupe, akaipiga pasi, akafagia vinyesi vya mbuzi, akatundika mizani ya kupimia watoto kwenye chuma kilichochomoza juu ya lenta. Alileta benchi, meza, daftari kubwa na kalamu. Mlangoni akabandika boksi lililokatwa, ameandika kwa mwandiko wake wa wodini: HUDUMA IMEANZA. TAZAMA BUNGE. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumsihi afunge, alimwambia hawezi kuliaibisha Bunge. Mheshimiwa ameshasema huduma zinatolewa, na yeye kama mstaafu mtiifu amekuja kuzitoa.

Wanawake walikuja na watoto wao, na miavuli. Walipimwa uzito, wakaandikwa, wakapewa ushauri wa uji. Kijiji kilicheka kwa wiki mbili. Na mimi nilicheka, tena sana. Nilileta darasa la sita waone maana ya neno "kejeli", ambalo lilikuwa kwenye mtaala.

Afisa mmoja wa wilaya alifika na gari, kijana mwenye viatu vya ngozi ambavyo udongo wetu haukuvihurumia. Alimwamkia Nesi vizuri, kisha akamuuliza ni nani aliyemruhusu kufungua kituo pale.

"Naibu waziri, mwanangu," Nesi alisema. "Bungeni. Hukutazama?"

"Lakini mama, hili jengo halijakamilika."

Nesi alifungua ukurasa mpya wa daftari, akachukua kalamu. "Rudia taratibu niandike. Jina lako na cheo chako, halafu useme kwamba halijakamilika. Mheshimiwa alisema limekamilika. Nataka niandike vizuri ni nani kati yenu aliyedanganya."

Kijana alitazama juu, mahali ambapo paa lingekuwa, akaona mawingu. Akasema kwamba alikuwa anapita tu kusalimia. Nesi akamwambia ndaga fijo, asante sana, na akamwekea mkungu wa ndizi kwenye gari, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Kama ningekuwa mtunga hadithi ningeishia hapo, watu wakicheka. Lakini wiki ya tatu ilinyesha.

Ilikuwa alasiri. Nesi alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake na mimi nilikuwa nimepita kumsaidia kubeba benchi, nikiwa na walimu wenzangu wawili. Mlangoni akasimama binti mmoja aliyeloa chapachapa, wa kabila la Wakisi kutoka vijiji vya ufukweni, tumbo limeshuka, mkononi beseni lenye kanga na wembe mpya. Alikuwa peke yake. Dereva wa bodaboda alikuwa amemshusha kwenye mto uliojaa, akavuka kwa daraja la miti na kutembea sehemu iliyobaki. Baadaye tulijua kwamba alikuwa amepanga kwenda mjini mapema, akasubirie kwa shangazi yake Bondeni, lakini alisikia redioni majibu ya naibu waziri, kisha akaambiwa na watu kwamba ni kweli, kuna nesi amevaa nyeupe anapokea. Akaona hakuna haja ya kwenda mbali.

Aliingia ndani akatazama juu. Mvua ilikuwa inamnyeshea usoni palepale ndani ya wodi.

"Wodi iko wapi?" aliuliza.

Nesi alimshika mkono, akamlaza kwenye benchi, na hapo hapo ikaonekana kwamba hata kumvusha hadi nyumba ya pili isingewezekana. Mwalimu mmoja alikimbia akaleta turubai la kufunikia kakao. Tulilishika pembe nne, mimi na wenzangu wawili na mwenyekiti wa kijiji aliyefika akihema, tukageuza nyuso zetu nje, na maji yakajaa katikati ya turubai mpaka mikono ikatetemeka. Nyuma yetu nilimsikia Nesi akizungumza kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtoto alilia. Tukaanza kucheka kwa faraja. Nesi akatuambia tunyamaze, mama anatoka damu.

Gari la mnunuzi wa kakao lilikuwa limekwama jirani. Tulilisukuma likatoka. Nesi alipanda nyuma na binti yule, mkono wake mmoja ukiwa umekandamiza tumbo la binti njia nzima hadi Kyela, na mimi nilikaa mbele na mtoto ndani ya shati langu. Walipona wote wawili. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Siku mbili baadaye nilimkuta Nesi anafua ile sare. Damu haikutoka yote. Nilijaribu kumfariji kwa kumtupia lawama zote naibu waziri, na nadhani nilitumia maneno makali. Alinisikiliza akikamua nguo.

"Uongo ulikuwa wake, Mwalimu," alisema. "Mlango niliufungua mimi."

Alilitoa lile boksi mlangoni kwa mkono wake, na mizani akairudisha nyumbani. Hakukubali mtu amsifie ujasiri. Kwa miezi kadhaa, kila siku ya soko, alikwenda ufukweni kumwona yule binti na mtoto, na sijui walizungumza nini kwa sababu sikualikwa.

Lakini mtu fulani alikuwa ameturekodi kwa simu tukiwa tumeshika turubai, na picha zile zilisafiri kuliko sisi sote. Ghafla bati zikapatikana. Zilikuwa mbioni muda wote, kumbe, na sasa zilifika. Mafundi walifanya kazi Jumapili. Siku ya uzinduzi akaja naibu waziri yuleyule na tai nyingine, na kamera, na akamshukuru kila aliyestahili kushukuriwa na wengi ambao hawakustahili. Hakutaja kwamba jengo lilikuwa tayari limeshakamilika mara moja. Mwishoni Nesi akapewa kipaza sauti atoe shukrani kwa niaba ya akina mama. Nilikumbuka yale ya misibani. Alisema maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia.

"Nashukuru kwa paa. Limekuja baada ya mtoto."

Akarudisha kipaza sauti akaketi. Kwenye televisheni walitumia sentensi ya kwanza.

Nilidhani nitaimaliza habari yake kwa siku hiyo, kwa kuwa inampendeza. Lakini mwaka jana, miezi michache kabla hajahamia Mbeya, kulikuwa na ugeni shuleni kwangu. Kamati ya waheshimiwa ilikuwa inazunguka kukagua madawati, na kamera zilikuwa nao. Madawati yangu yalikuwa yanatosha madarasa mawili. Madarasa mengine yalikaa chini. Siku moja kabla ya ugeni lori lilileta madawati ya shule nyingine, nikaambiwa niyapokee na nisiulize. Pamoja nayo ilikuja karatasi ya hotuba, imeshachapwa, ikiwa na nafasi ya jina langu.

Mimi ni mtu niliyekaa sebuleni kwa Nesi miaka kumi na minne. Nilijua kila neno kwenye karatasi ile maana yake nini. Niliisoma. Nilianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, nikawashukuru wageni mmoja mmoja kwa vyeo vyao, nikasema changamoto ya madawati katika shule yangu imekwisha na kubaki historia. Watoto, waliokuwa wamekalia dawati kwa mara ya kwanza, walipiga makofi kwa moyo wote. Mwenyekiti wa kamati alinishika mkono. Nitasema ukweli, sauti yangu ilitoka vizuri sana. Kabla ya jioni lori lilikuwa limekwisha kuyachukua.

Jioni ile nilikwenda kwa Nesi kama kawaida, taarifa ya habari ikikaribia. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, alikuwa ameinyoosha juu ya kigoda. Nilibisha hodi, nikampa shikamoo.

"Marahaba," alisema. "Karibu, Mheshimiwa."

Miaka yote aliniita Mwalimu. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Nikavuta kiti.

"Hapana, hivyo vya wenyewe," alisema. "Vimeazimwa, vitarudishwa kesho. Kaa hapo chini."

Nilitazama viti vyake sita, vilevile vya siku zote, vimepangwa ukutani. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikiwa na suruali yangu ya ugeni, mbele ya televisheni. Taarifa ya habari ikaanza, na baada ya mambo makubwa ya nchi ikafika shule yangu. Nikajiona nimesimama na karatasi, msafi, mrefu. Sikuwahi kujua kwamba mtu akikaa sakafuni, anayehutubia anaonekana mrefu kiasi kile. Shingo iliniuma kwa kumtazama juu. Saruji ilipenya baridi hadi kwenye mifupa, na nikaanza kuwaza watoto wa darasa la pili wanaokaa chini, saa ngapi wanaingia na saa ngapi wanatoka.

Habari yangu ilipokwisha niliweka mkono sakafuni ili niinuke.

"Kaa," Nesi alisema, macho yake yakiwa kwenye kioo. "Wenzako hukaa mpaka saa tisa."